Nani anaamuru moto ukiwaka Kilimanjaro?

Jumapili ya tarehe 11 Oktoba 2020 moto uliwaka eneo la Whona, kituo cha kupumzikia wageni wanaopanda kwa njia ya Marangu, kati ya kambi za Mandara na Horombo. Taarifa ya awali ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilisema ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Upepo ulikuwa mkali na vichaka vilikuwa vimekauka baada ya miezi ya kiangazi. Giza lilipoingia, watu wa mji wa Moshi waliuona mstari wa moto wakiwa majumbani kwao. Walipanda askari wa uhifadhi, zimamoto, polisi, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, wapagazi, waongoza watalii na wanakijiji, mamia ya watu. Hadi unadhibitiwa, zaidi ya kilomita za mraba 95 za uoto zilikuwa zimeungua. Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Oktoba 2022, mlima ukawaka tena, safari hii upande wa kusini karibu na kambi ya Karanga, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari.

Kila moto wa namna hii ukiisha, mazungumzo hurudi kwenye vifaa: ndege, helikopta, magari. Vinahitajika, hakuna ubishi. Lakini moto wa mlimani hushinda au hushindwa katika saa tano au sita za mwanzo, wakati ambapo hakuna helikopta wala kamati, na katika saa hizo kinachokosekana ni jibu la swali dogo: aliyefika kwanza ana ruhusa ya kuamuru? Mlima una wenyewe wengi. Moto wa saa za mwanzo mara nyingi hauna mwenyewe.

Tuwataje hao wenyewe. Hifadhi iko chini ya TANAPA kupitia KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na tangu 2005 msitu wa asili uliozunguka mlima umo ndani ya mipaka ya hifadhi. Chini yake kuna ukanda wa Nusu Maili, uliotengwa miaka ya 1940 ili wananchi wapate kuni na majani ya mifugo, kisha vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba za Wachagga, na vijiji. Upande wa magharibi na wa Rongai kuna mashamba ya miti ya kupandwa yaliyo chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake ya 2007 na namba yake ya dharura, 114. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inaweka kamati za mkoa na wilaya, na wakuu wa maeneo hayo ndio wenyeviti. Polisi, JWTZ na JKT huitwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina utabiri wa upepo. Wakala wa safari wana watu na redio juu ya mlima kila siku ya mwaka. Na upande wa kaskazini kuna mpaka: moshi wa Rongai unaweza kuonekana Loitokitok, Kenya, kabla haujaonekana Moshi.

Kila mmoja kati ya hawa ana kitu ambacho mwenzake hana. Zimamoto wana nidhamu ya amri, huduma ya kwanza na uokoaji, ila magari yao ya maji yameundwa kwa ajili ya majengo na barabara, na barabara inaishia mbali na moto. Askari wa hifadhi wanalijua pori. Wapagazi, au wagumu kama wanavyoitwa kule, wamezoea hewa ya juu na wanajua kila kijito kinachotoa maji mwezi wa Oktoba. Wanakijiji wanajua mpaka wa chini, na wakipigiwa mbiu ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, hukusanyika haraka kuliko taasisi yoyote. Tatizo linaanza pale wote hawa wanapofika, kila kundi likimsikiliza mkubwa wake.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Mlimani kuna hali mbaya zaidi ya hiyo, ambayo ni chombo kukosa nahodha hadi usiku. Mwongoza watalii anaona moshi saa nane mchana. Anapiga simu kwa mwajiri wake, mwajiri anapiga getini, geti linaarifu makao ya hifadhi, hifadhi inaarifu wilaya, wilaya inaita kikao. Hakuna aliyezembea, kila mmoja amefuata utaratibu wake. Wakati huo moto unapanda. Kanuni ya kazi inayotumika na wazima moto wa porini ni kwamba kila nyuzi 10 za mteremko huongeza mwendo wa moto unaopanda karibu mara mbili. Moto unaotembea mita 200 kwa saa kwenye tambarare unaweza kwenda mita 800 kwenye mteremko wa nyuzi 20, na 1,600 kwenye nyuzi 30. Kikao cha saa moja kina bei yake.

Kwa hiyo kifungu cha kwanza katika makubaliano yoyote ya taasisi kinapaswa kuwa hiki: aliyefika kwanza na mwenye mafunzo ndiye kamanda wa tukio, bila kujali sare yake, mpaka amkabidhi mwingine ana kwa ana au kwa redio. Askari wa hifadhi mwenye cheo cha chini, ofisa wa zimamoto, hata kiongozi wa wapagazi aliyepita mafunzo. Kazi zake ni tatu tu. Kwanza, kuwatoa watu walioko juu ya moto na kuwahesabu. Wageni na wapagazi wao wamo kwenye daftari la geti, kwa hiyo hesabu inawezekana. Pili, kutoa ripoti fupi: moto uko wapi, una ukubwa gani, unaelekea wapi, unakula nini, upepo unatoka wapi. Tatu, kuchagua ubavu mmoja, yaani upande mmoja wa moto, na kuanza kazi kutoka mahali pa kushikia, yaani mwamba, kijito, au sehemu iliyokwisha ungua.

Hiyo ya tatu ndiyo inayoharibiwa mara nyingi. Watu wengi wenye moyo hukimbilia kichwa cha moto, yaani sehemu yake inayosonga mbele, kwa sababu ndiko miali ilipo. Kwenye mteremko kichwa cha moto hakisimamiwi mbele. Unaanza mkiani, unapanda na ubavu huku ukiacha nyuma yako eneo lililozimika, na kichwa kinabanwa taratibu kutoka pande mbili. Timu iliyoanzia katikati ya ubavu bila mahali pa kushikia huzungukwa na moto uliopita nyuma yake.

Mkabidhiano nao una umbo lake. Karatasi moja: mchoro wa moto, timu zilizopo na zilipo, yaliyoagizwa na hayajafika, upepo, hatari zilizoonekana. Anayepokea anasoma kwa sauti, anayetoa anasahihisha, kisha redio inatangaza: "Kamanda sasa ni fulani." Bila tangazo hilo, nusu ya mlima itaendelea kumtii wa zamani.

Mfumo huu haukubuniwa mezani. Mwaka 1970 huko California, Marekani, katika siku 13 mioto ilichukua roho za watu 16 na nyumba na majengo 700, na ilipochunguzwa ikaonekana idara zilizofika zilikuwa zikitumia majina tofauti kwa kitu kilekile, redio zisizosikilizana na amri zinazogongana. Hapo ndipo mfumo wa amri ya tukio ulipozaliwa. Kiini chake kinafaa mlima wowote: kamanda mmoja, au kamandi ya pamoja pale mipaka ya kisheria inapogusana, chini yake watu wa operesheni, mipango, ugavi na fedha, na kila kiongozi asimamie watu watatu hadi saba, watano ikiwezekana. Kamandi ya pamoja maana yake hifadhi, zimamoto na TFS, kwa mfano, wanakaa meza moja, wanakubaliana malengo ya saa 12 zijazo, na mkuu mmoja wa operesheni ndiye anayeyatoa kwa timu. Mkuu wa wilaya na kamati yake wana kazi kubwa hapo hapo: kuita rasilimali, kuondoa vikwazo, kusema na wananchi. Kupanga timu ubavuni si kazi yao, na kamati nzuri hujua hivyo.

Fanyeni hesabu ya watu 500. Timu za watu 20, kila moja ikigawanywa vikundi vinne vyenye viongozi wake, ni timu 25. Gawanya kwa maeneo matano, kila eneo timu tano na mkuu wake. Sasa hesabu viongozi: 100 wa vikundi, 25 wa timu, watano wa maeneo. Watu hao hawaokotwi siku ya moto. Majina yao yanatakiwa yawepo mwezi wa Juni.

Kisha maji ya kunywa. Mtu anayekata vichaka kwenye jua na moshi anahitaji si chini ya lita nne kwa siku. Watu 500 ni lita 2,000, kilo 2,000. Mpagazi akibeba kilo 20, hao ni wapagazi 100 wa maji tu, kila siku, kabla hujaongeza chakula, blanketi na betri za redio. Ukiweka chakula kilo moja kwa mtu, ongeza wapagazi 25. Robo ya jeshi lako inabeba mizigo, au watu wako wanashuka saa nane mchana kwa kiu. Ndiyo maana ofisa ugavi anayejua vijito vya juu ana thamani kuliko lori la pili la watu wa kujitolea, na ndiyo maana wagumu wapewe sehemu ya ugavi kama kazi yao rasmi, kwa posho iliyoandikwa. Kuwaita wabebe bure huku waliotumwa na ofisi wakilipwa ni kuua ushirikiano wa moto unaofuata.

Redio ndiyo ugonjwa wa kudumu. Kila taasisi ina masafa yake, na nyingine zimehamia mitambo ya kidijitali isiyosikilizana na ya zamani. Suluhisho la bei nafuu lipo: kila taasisi ilete mtu wake mmoja na redio yake kwenye kituo cha amri, akae hapo muda wote, asikie amri na kuirusha kwa watu wake. Bora zaidi ni sanduku la redio 30 za aina moja linalokaa getini, kila kiongozi wa timu akisaini na kuchukua, na kila eneo likiwa na chaneli yake ili timu 25 zisigombanie moja. Simu zinasaidia, hasa baada ya intaneti ya kasi kufikishwa Horombo mwaka 2022, lakini kwenye mabonde mtandao hukata, na kundi la WhatsApp lenye watu 200 hupoteza amri katikati ya picha. Hata hivyo kuna namba moja ambayo kila upande wa mpaka unapaswa kuwa nayo: ya ofisa wa zamu wa Loitokitok na mwenzake wa Rongai.

Ramani ina mtego ambao wengi hawaujui. Ramani za zamani za 1:50,000 zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali simu na vifaa vya GPS hutumia WGS84. Alama ileile ikisomwa kwenye misingi hiyo miwili hupishana karibu mita 300. Mlimani mita 300 ni bonde jingine. Ongeza kwamba mmoja anatuma digrii na mwingine anatuma namba za UTM, yaani za gridi ya mita, na timu inapanda kijito kisicho chake. Kubaliana mapema: WGS84, UTM kanda 37 Kusini, na anayepokea arudie namba zote redioni.

Setilaiti nayo isomwe kwa akili. Mfumo wa FIRMS wa NASA unaonyesha nukta za joto ndani ya saa chache, na kifaa chake cha kupima joto kutoka angani, VIIRS, hupita karibu na saa saba na nusu mchana na muda kama huo usiku. Lakini nukta ile ni katikati ya mraba wa mita 375, na mawingu hulificha joto kabisa. Inasaidia kupanga kesho. Haitoshi kumtuma mtu bondeni sasa hivi.

Kazi yenyewe ya kukata njia ya kuzuia moto ni ya mikono. Juu ya msitu kuna ukanda wa erika, vichaka na miti yenye vijani vidogo kama sindano, vinavyoshika moto hata vikiwa vibichi, na chini yake tabaka nene la majani yaliyooza. Watangulie wenye panga na shoka, wafuate wenye fyekeo, kisha majembe na reki, mwisho wenye koleo, kila mtu mita tatu nyuma ya mwenzake ili panga lisimfikie. Upana wa njia uwe angalau mara moja na nusu ya urefu wa kichaka: erika ya mita mbili, njia ya mita tatu. Chimba hadi udongo mtupu uonekane. Njia iliyofyekwa juu tu huku mizizi na mboji vimebaki, moto huipita chini kwa chini usiku. Takataka zitupwe upande usioungua, mbali na ukingo, zisiwe kuni za moto. Bomba la mgongoni la kupulizia dawa, lita 16, ndilo linalopatikana kirahisi vijijini, lakini pua yake hutoa ukungu unaokauka kabla haujagusa kaa. Fungua pua ubaki na mchirizi, na lioshwe kwanza mabaki ya dawa.

Muda mzuri ni saa kumi alfajiri hadi saa tatu asubuhi, kukiwa na ubaridi na umande, upepo ukishuka. Jua likishika, upepo unageuka na kupanda mlima. Ukiwapandisha watu saa nne baada ya hotuba, umewapeleka kukutana na moto ukiwa na nguvu. Kila timu iwe na mlinzi asiyechimba, kazi yake kuangalia tu, na firimbi shingoni. Kabla ya jembe la kwanza kila mtu aonyeshwe kwa kidole njia ya kukimbilia na mahali salama, ambapo mara nyingi ni sehemu iliyokwisha ungua na kupoa.

Kuna jambo la mwili ambalo cheo hakilibadilishi. Moshi Mjini iko karibu mita 900. Horombo ni 3,720. Kumtoa mwanafunzi au askari mjini asubuhi na kumlaza Horombo usiku ni kumpandisha mita 2,800 kwa siku moja. Kichwa kitauma, atatapika, atayumba. Moshi wa moto huleta kichwa kilekile na kichefuchefu kilekile, kwa hiyo usibishane ni ugonjwa gani: mtoe kwenye moshi, mshushe, asishuke peke yake. Njia ya busara ni kupanga maeneo kwa mapafu. Maeneo ya juu wapewe waongoza watalii, wapagazi na askari waliokwisha kuwa juu siku kadhaa. Waliotoka mjini washike mbavu za chini. Na nguo: traksuti za nailoni huyeyuka na kugandia ngozi. Pamba au sufu, na viatu vya ngozi badala ya raba.

Kitu kimoja kinachogharimu karibu bure ni meza ya kadi za majina. Iko kwenye njia moja tu ya kuingilia. Kiongozi wa timu anaacha kadi: majina 20, eneo, chaneli, saa ya kuingia. Anayesimamia anaichomeka kwenye sanduku la "wako juu". Timu ikishuka, anaita majina mmoja mmoja, kila mmoja anaitika, kadi inahamia "wameshuka". Jua likizama, kadi iliyobaki sanduku la kwanza ina maana moja tu na kila taasisi inaielewa bila tafsiri. Wanakijiji waliopanda kwa njia zao za majani ndio husahaulika zaidi, kwa hiyo mwenyekiti wa kitongoji awe na kadi na penseli kama mwingine yeyote.

Haya yote huandaliwa kabla ya kiangazi kukolea. Makubaliano ya kurasa chache: nani anaamuru kwanza, nani analipa saa 24 za mwanzo (rahisi zaidi ni kila taasisi kujilipia watu wake, na wilaya kuwalipia wanakijiji), chaneli, ramani, orodha ya viongozi na namba zao. Kisha zoezi moja la siku nzima mwezi wa Juni au Julai, kwa moshi wa kuigiza, na simu ya kwanza ipigwe na mpagazi ili mnyororo wote ujaribiwe. Mlima Kenya una somo lake hapa: hifadhi ya taifa iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na msitu unaoizunguka uko chini ya KFS, shirika la misitu, na vyama vya kijamii vya misitu vinatambuliwa na sheria ya 2016, hivyo mwanakijiji ana chama kinachojulikana, chenye uongozi na mafunzo. Upande wetu msaragambo upo, nguvu ipo. Bado haijaandikwa mahali ambapo kamanda anaweza kuiita kwa jina.

Gharama ya kushindwa iko kwenye mifongo, yaani mifereji ya asili ya kumwagilia. Utafiti wa mwanaikolojia Andreas Hemp umeonyesha kuwa tangu 1976 mioto imeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita, na kwamba miti hiyo ndiyo inayonasa maji ya ukungu. Maji hayo hushuka vihambani, bwawa la Nyumba ya Mungu, na Mto Pangani.

Mwisho wa operesheni una maneno mawili yanayochanganywa. "Umedhibitiwa" maana yake moto umezungukwa na njia na hautarajiwi kuvuka. "Umezimwa" maana yake hakuna joto lililobaki. Likitangazwa la kwanza, malori huwashwa, kamera huondoka, na taasisi zilizotoka mbali hurudi kambini. Hapo ndipo kazi ya kuchosha huanza. Timu inatembea kando ya ukingo, mita 30 ndani ya eneo lililoungua, bega kwa bega. Kila kisiki kinakaguliwa kwa mgongo wa kiganja: kwanza unausogeza karibu bila kugusa, kisha kwenye udongo wa mzizi. Pakiwa na joto unachimba, unageuza, unamwaga maji kidogo, unakoroga kama ugali na udongo wa baridi, unarudi baada ya saa moja. Mizizi ya erika hufuka siku nyingi bila moshi wa kuonekana, na upepo wa mchana mmoja unatosha.

Makubaliano yataje kwa jina ni timu zipi zinabaki siku saba baada ya tangazo, nani anazilisha, na nani anapokea ripoti yao kila jioni. Timu mbili za watu 20 zinatosha ukingo mwingi, zikiwa na mapanga, majembe, mabomba manne, na redio inayosikika hadi getini.